Mchanga wa Bundu ya Bibi

Likizo hii nimefika Bwera, nikamega bundu, ugali wetu wa muhogo, nikangoja mchanga ukwaruze meno. Kimya. Lami imefika hadi mbele ya nyumba yetu, na mimi, badala ya kufurahi, nikabaki na tonge mkononi.

Wewe hukukijua kiangazi cha kwetu. Malori ya kwenda mpaka wa Kongo yalianza asubuhi, na vumbi halikupata nafasi ya kutua. Shati la shule lilitoka kwenye kamba na rangi ya chai. Bibi alianika muhogo wake kwenye turubai kando ya barabara, anageuza, anakohoa, anageuza. Mjomba akasema Jumapili atamhamishia Bwesumbu, mlimani, kabla kifua hakijamuua. Bibi akamjibu, "Barabara ilinikuta hapa."

Nilikuwa na miaka tisa, naogopa hata kuitikia jina langu darasani. Lakini kulala nyumba ile bila kikohozi chake niliogopa zaidi. Nikaburuta gogo la mgomba, nikalilaza barabarani ili malori yapunguze mwendo.

La kwanza likasimama. Dereva, Mkongo mnene, akashuka.

"Weye mutoto, barabara ni ya baba yako?"

Nikakimbia ndani, nikarudi na sahani: bundu ya mchana na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Kula," nikasema.

Nadhani alikula kwa mshangao tu. Mchanga ulilia kwenye meno yake, nikausikia. Akamtazama bibi pale kwenye turubai.

"Mama, unakulaka hii kila siku?"

"Nakula yenye munanipikia na vumbi yenu," bibi akasema, bila kuacha kugeuza muhogo.

Dereva akarudi kwenye lori. Alilipanda gogo polepole kama mtu wa baiskeli aliyebeba mayai. Waliomfuata walinitukana sana, ila walipunguza. Vumbi likapungua, na Jumapili mjomba akaondoka peke yake.

Bibi alikula viangazi viwili zaidi hapo, akafia kitandani kwake. Lami ikaja baadaye. Mjomba anasema siku hizi hakuna anayeanika muhogo kando ya lami, ni ushamba.

Turubai nimelikuta darini. Kesho nitalitandika pale pale. Bado naona haya kusema mbele za watu, lakini anayetaka kuliondoa aje kwanza akae, ale.