Mwalimu Pingili

Shuleni walimwita mama yangu Mwalimu Pingili, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Neno refu la Kiingereza aliliziba kwa kadi, akafunua silabi moja, tukaisoma, ndipo akasogeza kadi hadi ya pili.

"Muwa haumezwi mzima," alituambia. "Unang'atwa pingili kwa pingili."

Mwalimu mkuu alisema anadekeza wavivu. Mama alisonya tu, akaendelea.

Nilikaa dawati moja na msichana tuliyemwita Bubu, kwa sababu zamu yake ya kusoma ikifika aliinama mpaka ipite. Siku moja mwalimu mkuu aliingia, akaandika ubaoni ENTERTAINMENT, kisha akamnyooshea Bubu kidole. Nilimwonea huruma.

Mama akampa kadi. Bubu akaenda ubaoni, akaliziba neno, akafunua.

"En." Akasogeza. "Ter. Tain. Ment."

Akamrudishia mama kadi yake, akalisoma neno zima, kavu, bila kukwama. Tulipiga meza mpaka vumbi likatimka.

Bubu hakutuangalia. Alimgeukia mwalimu mkuu, aliyekuwa bado na chaki mkononi.

"Mwalimu, naomba lingine," alisema. "Refu zaidi."