Jina Nyuma ya Picha

Mpiga picha Sefu Habiyaremye wa mtaa wa Biryogo alikuwa na mazoea yake: kila picha akishaisafisha na kuikausha, aliigeuza akaandika nyuma, kwa kalamu ya risasi, jina la mtu na kilima alikozaliwa. Mazoea hayo aliyapata siku alipomkabidhi mjane picha ya mume wa mtu mwingine. Yule mama alimtukana mtaa mzima ukasikia. Tangu siku hiyo, hata picha ya kitoto kichanga aliiandika.

Mwaka wa tisini na tatu, Padri Conrad, mkuu wa monasteri ndogo kule Gisozi, alimwita awapige picha watawa wake wanane katika maisha yao ya kila siku. Zilikuwa za kuwapelekea wafadhili Ulaya, alisema. Sefu, Mwislamu wa watu, alikwenda kwa shaka, akanogewa. Kumbe watawa nao ni watu! Aliwapiga wakinyoana vichwa uani, wakigombea beseni la kufulia, mmoja akisinzia juu ya kitabu cha sala mdomo wazi. Aliyempenda zaidi ni Bruda Théoneste, mpishi, mzee mwenye vidole vyeusi kwa masizi. Alimpiga akichambua maharage.

"Nipe moja nimpelekee mdogo wangu wa kike kule Cyangugu," mzee alimnong'oneza. "Tangu niingie utawani hajaniona. Miaka thelathini."

"Utaipata, Bruda. Hilo lisikupe shida."

Wiki iliyofuata Sefu alipeleka picha. Padri Conrad alizitazama haraka haraka. Kisha akazigeuza, na hapo ndipo uso ulipomchangamka.

"Jina na kilima! Wewe bwana ni fundi. Sasa niongezee na kabila." Akasukuma mezani vitambulisho vya watawa, kila kimoja na kabila la mwenyewe, vimefungwa kwa mpira. "Watu wa serikali pale komini wanataka kujua nani anakaa hapa."

"Na Ulaya?"

"Ulaya watasubiri."

"Si uandike mwenyewe, Padri? Kalamu unayo."

"Mwandiko wako mzuri kuliko wangu," alisema padri, akitabasamu na kujipangusa vidole kwa kitambaa cheupe pe. Vidole vyenyewe havikuwa na hata vumbi.

Astaghfirullah! Sefu alihisi mate yamemjaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi. Hakuwa mtoto, alijua mwaka ule majina na makabila yalikuwa yakikusanywa ili watu waje wauawe. Mtu mzima, msalaba kifuani, anakula maharage ya wale wanane kila mchana, halafu anawauza bila kutaka hata mwandiko wake uonekane! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Na kilichomtia kinyaa zaidi ni mkono wake mwenyewe. Nani aliyemtuma kuandika vile vilima?

"Nitaziandika studio, kwa wino," alidanganya. "Risasi hufutika." Akazoa picha zote, akashuka kilima mbio mbio. 

Alipofika Biryogo aliwasha jiko la mkaa, akachoma picha na filamu zake. Moshi ulinuka vibaya. Ya Théoneste aliishika muda mrefu kidogo, kisha nayo akaitia motoni. Bora mzee anune kuliko jina lake lifike komini.

Siku ya tatu mzee mwenyewe alitokea mlangoni, kanzu imejaa vumbi.

"Nimefuata picha yangu."

Sefu alimkalisha, akamweleza yote bila kuficha: vitambulisho, komini, moto. "Nisamehe, Bruda. Angalau sasa hawana kitu."

Théoneste alimtazama kwa mshangao. "Wanacho. Ulipochelewa, Padri alituletea karatasi. Kila mtu ameandika mwenyewe jina, kilima na kabila. Mtu wa komini alikuja kuichukua jana."

"Mkaandika? Hivi nyinyi mna akili?"

"Tuna nadhiri ya utii, Sefu. Mkuu akisema andika, tunaandika."

"Utii! Utii gani huo, jamani? Hata mbuzi akiona kisu huvuta kamba!" Alitema mate uani. Mzee alikuwa amekaa tu, mikono magotini, akingoja picha yake.

Basi Sefu alichukua kamera, akampiga picha pale pale kwenye kigoda. Aliisafisha, akaikausha, akamkabidhi. Mzee aliitazama akacheka kwa furaha, kisha akaigeuza.

"Mbona hujaandika jina? Dada yangu atajuaje kuwa ni mimi? Nimezeeka."

Sefu alishika kalamu ya risasi. Jina hakuthubutu tena kuliandika. Mwishowe aliandika maneno mawili tu, *kaka yako*, akaiweka kalamu chini.