Kila Baada ya Wiki Mbili, Bila Mwisho

Nakumbuka Alhamisi ile niliyomkaribisha mjane aliye kwenye eda aje kwangu kupakwa hina. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu, soksi miguuni, natafuna hindi la kuchoma, na wala sikujua kwamba nimemkaribisha. Simu ilifanya kwa niaba yangu. Lakini simu, mwanangu, haina wivu. Wivu niliutia mimi kwa kidole changu hiki hiki, ndiyo maana naanza na upumbavu wangu kabla sijaugusa wako.

Umeniandikia kwamba umefungua saluni huko Mbeya, na kwamba umeweka programu ya kupanga wateja, kila mmoja na siku yake inayojirudia yenyewe. Umeomba baraka. Baraka zipo, zitakuja. Kwanza kaa nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa nimeshavuka hamsini. Usicheke. Mwili una umri wake na wivu una umri wake. Wangu ulikuwa bado kidato cha pili. Saluni yangu ilikuwa sebule yangu hapa Ipogolo, chini ya mlima wa mjini, viti viwili na kioo chenye ufa, na uzuri wake ulikuwa mmoja tu: sikulazimika kutoka nje. Mimi ni mtu wa ndani. Kobe anabeba nyumba yake. Mimi nyumba ndiyo inanibeba. Mteja alikuja alipotaka, akanikuta, akasubiri, nikamsuka huku tukiwasema watu mpaka jua likashuka.

Halafu akahamia Mama Lusajo. Mnyakyusa, katoka huko huko uliko wewe, akafungua saluni ng'ambo ya njia yetu ya mtaa, mlango wake ukitazama dirisha langu. Kwake watu hawakusubiri. Mteja aliingia saa nne, akatoka, mwingine akawa anavuka kizingiti. Jioni ya kabla ya siku yake, simu ilimuuliza: unakuja, huji? Akijibu ndiyo, kiti chake kipo. Akikaa kimya, kiti anapewa mwingine na hakuna anayenuna. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikiwahesabu. Nilijua nani kaingia na nani katoka kuliko alivyojua Mama Lusajo mwenyewe. Kama angetafuta karani, nilikuwa nimeshaanza kazi.

Nilivumilia mpaka siku ya Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi aliuza vitenge mjini, juu huko, na kwa miaka mingi kichwa chake kilikuwa changu. Nilijua kovu lake la utotoni liko wapi, nilijua upande usiopenda kuvutwa. Kila alipokuja aliniletea mchele kidogo wa Madibira, maana mumewe, Mzee Idrisa, alikuwa na ndugu wanaolima huko. Siku hiyo nilimwona anashuka kwenye bajaji. Nikainuka, nikapangusa kiti, nikabandika maji ya chai. Akavuka njia, akaingia kwa Mama Lusajo. Na mfuko wa mchele mkononi.

Mchele ndio ulioniuma, mwanangu. Nywele zinaota tena.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nikaanza kujitembeza bila kuondoka kwenye kochi. Nilimtuma mteja mmoja aniulizie kwa Mama Lusajo jina la ile programu, nikisingizia ni kwa ajili ya binamu yangu wa Idodi. Binamu yangu wa Idodi anafuga kuku. Mama Lusajo akaandika jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na chini yake akaongeza: mwambie binamu akikwama aje nimwelekeze. Hapo nikazidi kumchukia. Hakuna kinachomkera mwenye wivu kama wema wa anayeonewa wivu.

Programu ikaanza kuniuliza maswali. Jina la biashara? Nikaandika Saluni ya Ipogolo, kana kwamba Ipogolo nzima hakuna nyingine. Kwanza nikajiweka mwenyewe kama mteja, kujaribu. Asubuhi yake meseji ikaniita kwangu saa mbili, nami nikanawa uso nikaenda kukaa kwenye kiti. Nilifika kwa wakati, nilijisifu.

Kisha nikamwandika Bi Mwanaidi. Huduma: nywele na hina. Siku: Alhamisi, saa nne. Irudiwe lini? Kila baada ya wiki mbili. Iishe lini? Hapo kulikuwa na njia tatu: iishe baada ya mara kadhaa, iishe tarehe fulani, au isiishe. Nikagusa isiishe, nikasikia raha kama bi harusi aliyevishwa pete. Swali la mwisho lilikuwa: mteja aulizwe kwanza, au miadi ithibitishwe moja kwa moja? Nikatazama dirishani, nikaona bango la Mama Lusajo. Amuulize nani? Akiulizwa si atasema hapana! Nikaweka tiki kwenye kuthibitisha.

Ona sasa, mwanangu. Maswali yote yale yalikuwa ya kumjali mteja, na mimi niliyajibu yote nikimtazama jirani.

Bi Mwanaidi alikuja mara mbili, nadhani kwa kuona haya tu. Mtu akiambiwa miadi yake imethibitishwa, huona vigumu kuikana. Alikaa kitini kwangu macho mlangoni, na mchele hakuleta. Mimi nikahesabu ushindi.

Kisha Mzee Idrisa akafariki. Msibani nilikwenda, sikosi utu kiasi hicho. Nilipanda mjini, nikakaa mkekani na wenzangu, nikalia kilio cha kweli, nikarudi nyumbani nikavaa soksi. Sisi Walutheri hatuna eda, lakini nimeishi na majirani Waislamu maisha yangu yote, najua mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hapaki hina, hajitii manukato, hajipambi. Nilijua. Ila lile la kwenye simu halikunijia hata kidogo. Kazi ya kukumbuka nilikuwa nimeshaikabidhi simu, mimi nikabaki na kazi ya kusahau.

Alhamisi ikafika. Unajua kwetu simu ya mfiwa haikai mkononi mwake. Kuna ndugu anayeishika, apokee salamu za pole. Simu ya Bi Mwanaidi ilikuwa kwa wifi yake, Bi Rehema, dada wa marehemu. Asubuhi hiyo, katikati ya salamu za pole, ikaingia hii: Bi Mwanaidi, miadi yako ya nywele na hina imethibitishwa, leo saa nne, Saluni ya Ipogolo. Karibu upendeze.

Saa nne na nusu nikaona bajaji inasimama. Akashuka Bi Rehema, buibui linapepea, simu kaishika mbele kama mtu aliyebeba kaa la moto. Alitazama huku, akatazama kule, akaona bango. Akaingia kwa Mama Lusajo.

Njia yetu ni nyembamba na sauti ya Bi Rehema ni pana, kwa hiyo sikupitwa na neno. Alimuuliza kama yeye ndiye Saluni ya Ipogolo, na kama huko kwao Mbeya wajane hupakwa hina kabla udongo haujakauka. Wateja wakageuza shingo. Na mimi nikafanya nini? Nikasema moyoni: leo kapatikana. Sijui hata ni la nini, ila kapatikana.

Mama Lusajo alifuta mikono taratibu, akamwita Bi Rehema mama, akamwomba wakae waangalie. Akafungua simu yake, akamwonyesha: jina la Bi Mwanaidi lilikuwapo, na miadi yake yote ilikuwa imesimamishwa tangu siku ya maziko. Alikuwa ameisimamisha kabla hajajifunga kanga kwenda msibani. Mimi wakati huo huo nilikuwa natafuta soksi nyingine.

Bi Rehema akatazama, akasoma tena meseji, na sauti yake ikashuka. Nilipomsikia anashusha sauti ndipo nilipoogopa.

"Basi kapanga mwenyewe mahali pengine," alisema. "Kaka yangu hata wiki mbili hana kaburini. Leo hii nawaambia wakubwa, arudi kwao."

Hapo ndipo hina ilipoingia masikioni mwangu. Alhamisi. Saa nne. Karibu upendeze. Yale yalikuwa maneno yangu. Mwanamke aliyeishi kwenye ile nyumba tangu usichana wake alikuwa anakaribia kutolewa, na ushahidi niliuandika mimi, mdomo umejaa mahindi.

Ningependa kukuambia kwamba niliruka pale pale. Sikuruka. Nilikaa. Nilimaliza mistari miwili ya hindi. Nilijiambia kwamba mambo ya ndoa za watu yana wenyewe, kwamba yatapoa, kwamba nikitoka nitaaibika mbele ya wateja wa Mama Lusajo, ambao nusu yao walikuwa wangu. Ndipo Mama Lusajo akainua uso, akatazama moja kwa moja kwenye pazia langu. Mara moja tu. Alijua, karatasi ya binamu wa Idodi aliiandika yeye. Angeweza kuninyooshea kidole, hasara yote ingekuwa yangu na yeye angebaki safi. Akaniachia mlango niufungue mwenyewe.

Nikatoka. Nilivuka ile njia na soksi zangu, mtu ambaye alikuwa hajavuka tangu bango lile liwekwe.

"Ni mimi," nikasema. "Hakuomba, wala hakuulizwa."

"Hakuulizwa vipi?" Bi Rehema akanigeukia. "Imeandikwa imethibitishwa."

"Nimethibitisha mimi. Nilitaka asije kwa huyu."

Nikamwonyesha Mama Lusajo kwa kidevu. Dada mmoja aliyekuwa kasukwa nusu kichwa akacheka puani. Sikumlaumu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeingia na soksi.

Bi Rehema hakucheka. Alisema maneno ya mtaani hayatoshi. Niende nikayaseme mbele ya shemeji mkubwa wa Bi Mwanaidi, kwa mdomo huo huo. Kupanda mjini mara mbili kwa mwezi mmoja! Nikarudi kutafuta viatu, na nilipotoka nikamkuta Mama Lusajo amefunga mlango, wateja wake kawapangia siku nyingine, kajitanda kanga. Hakuniuliza. Akaingia kwenye bajaji, akanisogezea nafasi.

Kule juu nilikaa mkekani mbele ya wazee wa ile nyumba nikaeleza yote: dirisha, mchele, binamu wa Idodi, isiishe. Nilifungua simu, shemeji mkubwa akavaa miwani, akaona ni kidole cha nani kilichoweka tiki. Akavua miwani. Kisha akasema mambo ya wanawake na nywele ni mazito kuliko alivyodhani, na kwamba asisikie tena mtu anamtaja shemeji yake kwa ubaya. Bi Rehema akainamisha kichwa, akainuka kwenda chumbani kumwomba radhi wifi yake. Aliporudi aliniletea ujumbe kutoka kwa Bi Mwanaidi, ambao bado unanichoma kuliko tusi: kwamba amesamehe, ila nisimkumbuke tena kwa simu. Nikimkumbuka, nije.

Basi nasaha zangu, mwanangu, uzichukue pamoja na programu yako.

Siku ya mteja kujirudia ni jambo jema. Hata mimi sasa nafanya hivyo, na viti vyangu vinajua nani anakuja. Lakini muulize kila safari, hata kama amekuja mara mia. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumthibitishia mtu maisha yake. Na weka mwisho. Miezi mitatu, minne, kisha ukae naye umuulize upya, maana watu wanafiwa, wanazaa, wanahama, wanafilisika, na wengine wanakuchoka tu, na hiyo nayo ni haki yao. Ukisikia msiba, kabla hujatafuta kanga, shika simu usimamishe. Na kwenye jina la saluni andika jina lako, ili ukikosea aitwe aliyekosea.

Kuhusu wivu sitakudanganya kwamba unaisha. Sasa hivi naandika, na Mama Lusajo kaweka kiti kipya cha kunyanyuka na kushuka, na mimi nimeshakitazama mara nne. Kuona wivu si kosa kubwa. Kosa ni kuupa simu na kuuambia ufanye kazi wewe ukiwa umekaa. Bi Mwanaidi alipomaliza eda alirudi, wiki moja kwangu, wiki nyingine kwa yule, na mchele anaugawa katikati. Nimeupima kwa kikombe. Ni sawasawa.

Mungu akubariki mikono isivute mtu anapoumia. Akupe wateja wanaokuja kwa miguu yao na kuondoka kwa hiari yao, na akupe jirani wa kulitazama pazia lako ukiwa umejificha nyuma yake. Na ukisahau yote niliyosema, shika alichoniambia Mama Lusajo siku ile, bajaji inashuka mlima, mimi nikimwomba anionyeshe pa kufutia ile miadi. Alichukua simu, akasoma palipoandikwa isiishe, akanitazama:

"Hata marehemu mumewe hakupewa isiyo na mwisho, Mama Faraja. Wewe wa kusuka tu ulitaka upewe na nani?"