Makopo Tisa ya Sarafu za Watu

Pale uwanja wa ndege tulimwita Benki Kuu, naye alicheka kila alipoitwa. Kazi yake ilikuwa kusafisha choo cha wanawake katika ukumbi wa wanaowasili. Aliifanya miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo aliweka kisosi cheupe juu ya meza ndogo kando ya mlango. Abiria aliyekaa angani kwa muda wa saa tisa, akishanawa uso, hupekua mkoba akakuta sarafu za huko alikotoka. Huku hazina kazi, kuzitupa anaona haya. Basi anazimwaga kwenye kisosi, anatabasamu, anakwenda zake akijiona katenda wema.

Mimi nilikuwa karani wa duka la kubadilishia fedha, hatua ishirini kutoka mlango wake. Mara ya kwanza alikuja na kiganja kimejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nibadilishie hizi."

"Sarafu hatuchukui, mama. Noti tu."

Akaziangalia, kisha akaniangalia mimi. "Kwani hizi si pesa?"

"Ni pesa kwao. Tukizipokea lazima tuzirudishe huko, na nauli yake inakula zaidi ya thamani yake."

"Haya bwana," akasema, akazirudisha mfukoni moja moja. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia. Palikuwa na mhudumu mmoja wa ndege, dada mrefu mwenye sauti ya upole, aliyekuwa akiingia chooni kwake kila wiki. Siku moja alizichukua zile sarafu zenye tundu katikati, mfuko mzima, akazitumia huko zinakotumika, na baada ya wiki mbili akamletea noti. Mimi mwenyewe niliibadilisha. Mama akanunua godoro. Nadhani siku hiyo ndiyo iliyomponza, maana asingepata ile noti angeacha mapema. Dada yule alihamishiwa safari nyingine na hatukumwona tena, lakini mama alishaonja.

Akaanza kuzipanga nyumbani katika makopo ya maziwa ya unga, kila nchi na kopo lake. Majina ya nchi hakuyajali. Alikuwa na kopo la simba, kopo la majani, kopo la mama mwenye taji. Kila mwisho wa mwezi alikuja dirishani kwangu na daftari la shule.

"Vipi, mwanangu, mama mwenye taji kapanda au kashuka?"

"Kapanda kidogo, mama."

"Naye apande basi, amekaa mno!"

Tulicheka, kisha nikamwandikia bei za siku hiyo. Zilikuwa bei za noti, na nililijua hilo. Lakini kumwandikia kulikuwa rahisi kuliko kumkatalia, na foleni ilikuwa nyuma yake. Jioni bintiye, muuzaji wa duka la dawa, alizidisha na kujumlisha kwa simu. Miaka ilivyokwenda, hesabu ile ikafika mshahara wa miezi minane. Mama alitaka cherehani ya umeme, ile ya kudarizi. Magoti yalikuwa yamemwisha kwa kupiga magoti kwenye vigae vyenye maji, na daktari alishamwambia kazi ile haiwezi tena. Alikuwa amekwisha kuchagua hata mahali pa kuiweka, chini ya dirisha la chumba chake.

Mwaka wa kumi na mmoja, uongozi ukaleta sanduku la kioo, refu kama mtu, likasimamishwa katikati ya ukumbi. Liliandikwa kwa lugha nne: changia watoto wagonjwa, sarafu za nchi yoyote zinapokelewa. Siku hiyo hiyo msimamizi wa usafi akamwambia aondoe kisosi, kinaleta picha mbaya.

Mama hakukasirika. Alifurahi! Alikuja kwangu mbio, kwa kadiri magoti yalivyomruhusu.

"Umeona? Zinapokelewa! Kumbe njia ipo."

Tulikwenda pamoja kwa bibi aliyesimamia sanduku lile, ofisi ya juu. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti.

"Ni kweli," akasema. "Tunazisafirisha kwa tani, kuna kampuni nje inazichambua na kutulipa."

"Basi niongezeeni zangu humo," mama akasema. "Mkilipwa, mnikatie changu. Hata nusu."

"Mama yangu, sisi tunapokea michango tu. Kununua hatuna kibali. Ukipenda kuchangia, tutakupa cheti chenye jina lako."

Mama akasema atafikiria. Kwenye ngazi alishika ukuta, akashuka mguu mmoja mmoja bila kuniangalia.

Baada ya hapo alijaribu jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimsimamisha abiria mmoja chooni, akamwonyesha mfuko wa sarafu za kwao, akamwomba ampe noti. Abiria hakuwa na ubaya, ila alimsimulia mtu wa mapokezi kama kichekesho. Kesho yake mama akaitwa, akaandikiwa barua ya onyo kwa kuombaomba wageni. Mwezi uliofuata kampuni ya usafi ilibadilika, na kampuni mpya ikachukua wasio na barua ya onyo na wenye magoti mazima; mama akaachwa.

Nilimpeleka mimi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa gari la rafiki yangu. Makopo yalikuwa tisa. Mnunuzi alikuwa mzee mchapakazi, hana maneno mengi. Akapitisha sumaku juu ya kopo la simba, sarafu zikairukia zote.

"Hizi ni bati limepakwa rangi," akasema.

"Zile za majani je?" mama akauliza.

Nilijua jibu, nikalisema. "Zile walizifuta miaka miwili iliyopita, mama. Hata kwao hazinunui kitu."

"Na ulikuwa unaniandikia bei?"

Nikainua kopo lililofuata, nikaliweka kwenye mizani. Hakuuliza tena. Mzee akapima, akatenga shaba kidogo upande, akalipa kwa kilo. Pesa ile ilitosha dawa ya magoti ya mwezi mmoja na siku kadhaa. Akatuuliza kama makopo tunayataka. Mama akasema ayachukue.

Nimekwenda kumtembelea mara mbili. Anafua nguo za majirani akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooshwa mbele kwa sababu haukunjiki. Bintiye aliniambia mlangoni kwamba daktari sasa anazungumzia upasuaji, na wote wawili wanajua haupo uwezo huo. Mara ya pili nilimchukulia kitenge na sukari. Akapokea, akashukuru, akaniuliza habari za watoto wangu.

"Mama, nilikosa," nikamwambia. "Ningekwambia ukweli toka mwanzo."

Alikamua shati, akalikung'uta.

"Ungeniambia," akasema. "Halafu ningeshika nini, mwanangu?"

Akainama tena kwenye beseni. Nilikaa kidogo, nikaaga.