Itoka za Gatitu

Asubuhi ya ukungu, mji wa Nyeri hauonekani wote mara moja. Unakuja vipande vipande: kwanza ukingo wa bati, kisha kichwa cha mtu, kisha miguu yake. Mimi hufika ofisini kabla ya wengine, nikafungua dirisha na kuchemsha maziwa, na kwa huo muda mfupi sijui kama nimeamka au bado. Sioni aibu kusema hivyo. Mtu aliyezoea kazi yake anaweza kuifanya ndotoni na asivunje kikombe.

Nafagia na kupika chai kwa wakili wa mambo ya mashamba. Yeye ni mama wa makamo kutoka magharibi. Hajui Kikuyu kupita salamu, nami shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo tunaongea Kiswahili, kila mmoja na makosa yake. Lakini ukifagia chini ya meza ya wakili miaka mingi, hata ufagio unajua sheria. Najua shamba haliuzwi kabla bodi ya ardhi haijakubali. Najua rejista siku hizi imeingia kwenye kompyuta, na kompyuta ikikataa, wakili na digrii yake anakaa tu kama mimi, akingoja.

Kila Ijumaa chama chao kinawatumia mawakili waraka. Yeye huniita Shosho, yaani bibi, na hunisomea, ati akinieleza mimi ndipo naye anaelewa.

“Shosho, sikiza hii. Wanasema mke akija kukubali shamba liuzwe, nimweleze akiwa peke yake, mume akae nje.”

“Na kitambo mlikuwa mnamweleza mume akiwa wapi?”

“Si hapo kando yake.”

“Basi mlikuwa mnamweleza mume.”

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia kidole changu cha gumba.

Tulikuwa tunaishi Mweiga, mtoto wa pili akiwa mgongoni, mume wangu alipoleta karatasi shambani. Akasema ni mambo ya maziwa, weka kidole hapa. Nikapangusa udongo kwa nguo, nikaweka. Tulipomaliza kuvuna viazi, mtu nisiyemjua akaja kupima kwa hatua kile kipande cha chini, karibu na kijito, ambacho nilikuwa nimekilima kwa mikono yangu. Wino ulikuwa umetoka kidoleni ndani ya siku mbili. Kipande hakikurudi. Mume wangu amekufa na nimemsamehe mengi. Hilo bado nalifikiria.

Waraka ule haukuwa umemaliza wiki mezani, akaja mwanamume wa Gatitu na mwanamke. Alikuwa anauza shamba lote, na nyumba juu yake. Mnunuzi alikuwa tayari, kilichobaki ni mke kukubali. Mwanamke akatoa kitambulisho. Picha ilikuwa ya zamani, na uso ulifanana. Wakili akafuata waraka wake, akamwambia mwanamume angoje nje kwenye veranda. Halafu mtandao ukakataa, karatasi hazikufunguka.

“Shosho, mpe mama chai tukingoja.”

Nikamkalisha jikoni. Ukungu ulikuwa umeegemea dirisha kama ng'ombe anayetaka kuingia. Nikamwongelesha kwa Kikuyu, mambo ya mvua, mambo ya kuku. Alijibu kwa upole. Mvuke wa chai ukapanda, na ndani yake nikaona mpaka wetu wa Mweiga, itoka zimechanua mstari mzima mpaka kwenye maji. Nikauliza bila kukusudia chochote:

“Na itoka zenu, zimechanua?”

Itoka ni ua, lakini kwetu si ua. Ndiyo mpaka. Majirani wakikubaliana mbele ya wazee, inapandwa pale, na baada ya hapo hakuna anayeigusa. Ukiipiga jembe umeanzisha vita ambavyo wajukuu wako watavimaliza.

“Hayo maua?” akasema. “Tuling'oa yote, mama. Yalikuwa yanakula nafasi, tukapanda viazi.”

Nikaweka thamosi chini. “Uling'oa wewe?”

“Mimi mwenyewe.”

“Na jirani akasema nini?”

“Jirani aseme nini? Si maua tu.”

Nikaingia kwa wakili bila kubisha.

“Huyo si mke.”

“Shosho, kitambulisho ndicho hiki.”

“Kitambulisho hakilimi.”

Nikamweleza habari ya itoka. Akakunja uso. “Kwa hivyo nimwambie mteja nimesimamisha kazi yake kwa sababu ya maua?”

“Mpigie mke simu.”

Akafungua faili. Nambari ya mume na nambari ya mke zilikuwa moja. Akafunga faili na kumwita yule mwanamke.

“Mama, hii nambari ni ya mume wako. Yako ni gani?”

Mwanamke akaangalia mlango, akaangalia mikono yake. Machozi yakaanza kabla ya maneno.

“Mimi ni mdogo wa mkewe. Nimelelewa Nairobi. Shemeji alisema dada amekubali, ni mguu tu unamsumbua, hawezi kufika mjini.”

Akatoa nambari ya dada yake. Wakili akaweka simu mezani ili sote tusikie. Ng'ombe alisikika kwanza.

“Kuuza nini?” sauti ikauliza. “Shamba gani? Hili nimesimama?”

Mwanamume alikuwa amesikia, akasukuma mlango, akanielekezea kidole.

“Mama, wewe kazi yako si ni chai?”

“Ndiyo. Na yako imepoa.”

Akaenda zake. Yule mwanamke hakumfuata. Alirudi jikoni akilia, nami sikumbembeleza. Nilimpa chai nyingine, nikamwambia kitambulisho cha dada akipeleke leo, kwa mkono wake.

Siku ya tatu mke mwenyewe akafika. Hakuwa na shida ya mguu. Alikuwa na gambuti miguuni, na udongo wa Gatitu akaumwaga kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kupiga deki. Wakili alimweleza wakiwa peke yao: kwamba hajakubali, kwa hivyo hakuna kuuza, na kwamba ataweka zuio kwenye rejista ili mtu yeyote akijaribu tena, rejista imkatae. Kisha akaniita niingie na kidau cha wino, maana karatasi ya zuio ilitaka sahihi na mama hakujua kuandika jina.

Alikuwa tayari amenyoosha kidole.

“Ngoja,” nikasema. “Asomewe tena.”

“Shosho, nimemsomea.”

“Tena.”

Wakili akasoma tena, polepole, kwa Kiswahili, nami nikarudia kwa Kikuyu, neno baada ya neno. Nje, ukungu ulikuwa unaondoka kwenye bati. Nilikuwa nimesimama pale na kidau, na pia nilikuwa Mweiga, mtoto mgongoni, udongo kidoleni, na mtu alikuwa ananisomea karatasi mpaka mwisho wake.

“Umeelewa?” nikamwuliza.

“Nimeelewa.”

Nikamfungulia wino. Akabonyeza kidole kwa nguvu, kama mtu anayepanda mbegu. Alipokwenda, nikachukua tambara nikafuta ule udongo.