Mashine Nzito na Wimbo wa Baba

Watu wa kwetu hupima nguvu ya mashine kwa kuiinua. Ikihitaji watu wawili, ina nguvu. Ikibebwa na mmoja kwapani, huo ni mchezo wa watoto. Pengine ni mazoea ya kuuza viazi kwa gunia. Nimewaeleza mara nyingi kwamba amplifaya zangu ni nzito kwa sababu ya transfoma, yaani chuma kilichoviringishiwa waya wa shaba, na kwamba uzito huo hauongezi sauti hata kidogo. Hunisikiliza kwa heshima, kisha huinua tena na kuguna, "Hii sasa ndiyo mashine."

Mimi ni mtu wa ofisi hapa Nakuru. Jumamosi, wenzangu wakienda kutazama mpira, mimi hubaki nyumbani na solda yangu nikiunda amplifaya za valvu, vile vioo mfano wa balbu vilivyokuwa ndani ya redio za zamani. Nazifukua kwenye redio mbovu katika vibanda vya mafundi, na ikiungua moja unaweza kutafuta nyingine mpaka ukate tamaa. Lazima zipate moto kwanza ndipo ziseme, na hata zikisema, hazipigi kelele. Redio ya kinyozi huzishinda. Mke wangu huuita ugonjwa, nami sibishani naye. Lakini sijasikia kitu kingine kinachotoa sauti ya mtu ikabaki sauti ya mtu, na pumzi zake na kikohozi chake.

Baba alipoanza kuugua, aliteremka kutoka Olenguruone akakaa kwangu ili awe karibu na hospitali. Huko kwetu yeye ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa, na jeneza likianza kushushwa kaburini, wimbo ulipopaswa kuanzishwa ulianzishwa na yeye. Anaimba mstari, kwaya inajibu, anaimba mwingine. Hakuna aliyewahi kushika nafasi hiyo akiwapo, na alikuwapo daima. Siku moja mchana nilimwomba auimbe nimrekodi kwenye kanda. Akavaa koti kwanza. Aliimba peke yake sebuleni kwangu, na kila baada ya mstari akanyamaza kuipisha kwaya ijibu, ingawa kwaya ilikuwa mbali kule milimani. Nilipomchezea kupitia valvu, alitikisa kichwa akasema, "Huyo ni mimi kabisa."

Alipofariki, mama alitaka jambo moja tu. Tulikuwa tumekaa kwangu na kamati ya mazishi, watu wakijadili hema na chakula, akawakatiza.

"Mzee ameimbia kila mtu wa ule mlima akizikwa. Yeye ataimbiwa na nani? Wacha ajiimbie."

Kila mtu akanigeukia. Nikasema vizuri sana, kanda ninayo, na vyombo vya kukodi vitaicheza. Siku iliyofuata kaka yangu mkubwa akaniambia kwamba vyombo vya kukodi ameshavikataa.

"Watu wa sound nimewacancel," alisema. "Tuko na fundi kwa familia, na mashine yake mimi mwenyewe nimeshindwa kuiinua. Ya kukodi ni ya nini?"

"Hiyo ni ya kusikiliza ukiwa kwa nyumba. Haiwezi hata kufikia hema ya pili."

"Wacha kujishusha bana. Mama ashasema ni yako."

Alidhani ni unyenyekevu. Nilimfuata mama jikoni nikamweleza kwamba sauti itakuwa ndogo. Akanijibu kwamba baba naye hakuwa mtu wa kupiga kelele. Nifanye nini? Maji yalikuwa yamezidi unga. Nikaifunga mashine kwa blanketi, nikapanda nayo mlima.

Siku ya mazishi kulikuwa na baridi na upepo, na mahema yalijaa mpaka kwenye ua wa ng'ombe. Mshereheshaji alipewa kipaza sauti changu, akasema mara mbili, akakirudisha mezani na kuendelea kwa koo lake mwenyewe. Vijana nyuma wakapiga kelele, "Boss, ongeza sauti!" Nikazungusha kitufe ambacho kilikuwa kimefika mwisho tangu asubuhi. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Umeme ulitoka kwenye jenereta ya jirani, iliyowekwa nyuma ya jikoni, na injini yake ilikuwa ikinguruma juu, ikizama, ikipanda tena. Kila ilipopanda, valvu zangu ziling'aa kuliko inavyofaa. Nilimpungia mkono mwenye jenereta aipunguze. Naye akanipungia, akitabasamu kwa huzuni, akidhani namshukuru.

Jeneza likafika kaburini. Mama aliketi kiti cha mbele kabisa, karibu na spika. Nikawasha kanda. Kwa muda kulikuwa na upepo tu, kisha baba akaanza.

Waliokuwa nyuma hawakusikia kitu. Lakini kwaya ilikuwa mbele, na kwaya ilimjua. Mstari ulipoisha, akanyamaza kuwapisha, nao wakajibu kwa nguvu zote, kina mama na wazee, mpaka mahema ya nyuma yakaelewa na kujiunga. Akaimba wa pili, wakajibu. Mama alikuwa amefumba macho na kuinamia spika. Sijawahi kuipenda mashine yangu kama nilivyoipenda wakati ule.

Ndipo injini ikapanda na haikushuka. Ndani ya valvu kubwa niliona bati likigeuka jekundu, na ikiwa hivyo, haina maisha. Ningeizima, labda ingepona. Lakini baba alikuwa katikati ya mstari. Nilinyoosha mkono kwenye swichi, nikautazama uso wa mama, nikaurudisha. Valvu ikatoa mwanga wa buluu, na sauti ikakatika.

Kwaya haikujua. Walidhani amewapisha kama kawaida, wakajibu kwa nguvu. Kisha wakanyamaza, wakimngoja.

Kanda ilikuwa bado inazunguka. Baba alikuwa bado anaimba mle ndani, na hakuna aliyeweza kumsikia. Hakuna aliyechukua wimbo, kwa sababu haikuwa nafasi ya mtu mwingine. Waliokuwa wameshika kamba za jeneza wakanitazama mimi.

Mama akafumbua macho. Akanigusa mkono, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

"Mwambie aendelee," alisema.

Nikachukua bisibisi, nikainama nyuma ya mashine ili asiuone uso wangu, nikaanza kukaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea.