Niliwaambia Mtoto Ana Manjano Tu

Admin, nifiche jina, mtaani kwetu tunajuana. Nina miaka 39, naishi Amani hapa Unguja kwa mama mkwe. Mume wangu anaendesha boti ya watalii Kizimkazi, na msimu huu wa wageni analala huko huko. Tulikaa miaka kumi na moja bila mtoto. Maneno niliyoyameza humu ndani nayajua mwenyewe.

Mimba iliposhika, daktari alinishauri kwa umri wangu nipimwe damu, ijulikane kama mtoto ana Down syndrome, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na mwili kukua. Nilikasirika. Nilimwona ananitilia mkosi, nikakataa.

Nimejifungua binti, leo ana siku ishirini na sita. Alizaliwa mlegevu, daktari akatilia shaka umbo la macho yake, damu ikachukuliwa ikapelekwa Bara. Juzi akanipigia simu: majibu yamerudi, ni Down syndrome kweli. Akaongeza kuwa moyo wa mtoto haumridhishi, nimpeleke Jumatatu ukapimwe, nisichelewe hata siku moja.

Mama mkwe akaingia na mafuta ya kumkanda mtoto. "Nani huyo?"

"Hospitali, mama. Wanasema mtoto ana manjano tu, yatakwisha."

Sijui uongo huo ulitoka wapi. Nilikumbuka mume wangu alivyomwita mtoto wa jirani zezeta, mwenye hali hii hii, na mimi nikacheka. Nilicheka, jamani.

Jana nikasema nataka kwenda hospitali Jumatatu. Mama mkwe akaja juu: "Manjano si umesema yatakwisha? Mzazi hatoki mpaka arubaini itimie. Mtoto mchanga humtoi upeponi. Jua la asubuhi lamtosha." Nikampigia mume wangu. "Msikilize mama," akasema, "siku zenyewe zinakaribia kwisha."

Asubuhi hii mtoto alinyonya kidogo akaachia, jasho linamtoka kwenye paji la uso, midomo imepiga weusi. Bibi yake akamkanda huku anacheka, "Mvivu huyu, kama baba yake," akambusu nyayo. Anampenda mno. Nikisema ukweli, atambusu tena? Na mimi mwongo, wataniweka?

Nimechoka kulia chooni. Nishaurini, nianze na neno gani? Nitukaneni mkitaka, lakini nijibuni leo. Arubaini imebaki siku kumi na nne. Jumatatu ni keshokutwa.